Banda la mita 3 kwa 3 kwenye maonyesho ya ndege: tubebe nini, na turushe au tusirushe?

ChumviNaMikoko (Malindi)

Asalam alaikum. Kikundi chetu hapa Malindi kinapima ardhi kwa droni: mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, mikoko ya Mida, na fukwe zinazoliwa na bahari. Tumepata banda la mita 3 kwa 3 kwenye maonyesho ya biashara ya usafiri wa anga huko Afrika Kusini. Siku hizi maonyesho ya ndege, kuanzia Le Bourget na Farnborough hadi Dubai, yamejaa droni, kwa hiyo hatutakuwa wageni pale, ila tunaogopa kumezwa.

Tulivyo navyo ni droni ndogo mbili za Mavic 3 Enterprise (Mavic 3E) na betri zake sita, droni kubwa moja ya Matrice 350 na betri zake nne za TB65, na kituo cha RTK, kile cha ardhini kinachosahihisha vipimo vya setilaiti hadi sentimita. Watatu wanaondokea Malindi, wawili wanapandia ndege Manda, uwanja wa Lamu, tunakutana Nairobi. Tubebe kipi, tuache kipi? Inafaa kurusha ndani ya banda? Na mtu aliyetoka kutazama droni yenye mabawa ya mita 12, nini kitamsimamisha kwenye meza yetu?

La mwisho: tukirudi tumeombwa tuonyeshe droni siku moja kwenye uwanja wa ndege wa Malindi, watu wa mji waje kutazama. Hapo tuanzie wapi?

WayaMoto

Waalaikum salaam. Nianze na betri, maana ndizo zitakazowakwamisha kabla hamjafika popote.

Hesabu ni volti mara ampea-saa. Betri ya Mavic 3E ni volti 15.4 na ampea-saa 5, yaani wati-saa 77. Iko chini ya 100, kwa hiyo inapanda na abiria bila ruhusa maalumu, mradi iwe kwenye mkoba wa mkononi. Ya kituo cha RTK ni kama 37, haina neno. TB65 ni volti 44.76 mara 5.88, unapata 263. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege linaweza kukukubalia betri mbili za akiba. Ikipita 160 haipandi na abiria, si mkobani, si kwenye mizigo ya chini. Na msidhani mtazituma kama shehena kwa ndege hiyo hiyo: tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake, zile za namba UN3480, haziruhusiwi kwenye shehena ya ndege za abiria. Zinakwenda kwa ndege ya mizigo tu, chaji isizidi asilimia 30, na karatasi za bidhaa hatari juu yake. Kwa betri nne, gharama hiyo ya nini?

Matrice iende mwili mtupu. Bila betri ina kilo 3.77, na ikiwa mezani hakuna atakayeifungua kutazama. Mkitaka iwake taa, tafuteni muuzaji wa Johannesburg awakodishe jozi moja. Semeni jozi, maana 350 inarushwa na betri mbili kwa pamoja.

Sasa jambo ambalo wanaopandia Manda na Malindi hulisahau. Ndege ndogo za kwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, nyingi zinakubali kilo 15, mkoba wa mkononi ukiwa ndani ya hizo hizo 15, na zinataka mifuko laini. Sanduku gumu la plastiki linakula kilo kadhaa likiwa tupu. Tieni droni kwenye begi laini, izungushieni nguo zenu. Hatari yenyewe iko mlangoni mwa ndege: viti vikijaa, mhudumu anakupokea mkoba na kuupeleka chini pamoja na mizigo mingine. Hapo betri zako zimeingia mahali zisipotakiwa, na wewe umekaa kitini umetulia. Ziwekeni kwenye kifuko chao peke yake, juu kabisa ya mkoba, ili ukiambiwa uuachie uzichomoe kwa mkono mmoja. Kila betri ifunikwe midomo ya shaba kwa kifuniko chake au utepe. Chaji ya safari asilimia 30 hadi 50. Iliyovimba, hata kidogo tu kiasi cha kuyumba ukiilaza mezani, ibaki nyumbani.

Mnaovuka kutoka Amu kwenda Manda kwa boti, tieni betri kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa mdomo ndipo muingize begini. Tone la maji ya chumvi likikauka kwenye midomo ya betri linaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa, na umeme unapata njia. Utaona ukungu wa kijani kwenye shaba. Ukiuona, betri hiyo usiichaji mpaka isafishwe kwa spiriti na ikauke.

Kabla ya kuondoka nchini pitieni forodha na orodha ya vifaa na namba zake za kiwandani, igongwe muhuri. Bila karatasi hiyo, mkirudi mtaulizwa ushuru wa droni zenu wenyewe. Na angalieni njia ya ndege: mkipewa tikiti ya kupitia Misri au Moroko mkalazimika kutoka uwanjani, droni zinaweza kuzuiliwa forodhani.

MinaziMirefu

WayaMoto kamaliza la betri. Mimi nina neno juu ya meza yenyewe. Acheni picha za mikoko nyumbani. Ni kazi nzuri, lakini anayelipia mikoko ni mtu wa misitu na mazingira, na yeye hatakuwa pale. Watakaopita mbele yenu ni watu wa viwanja vya ndege, wa mashirika, wa bima na wa jeshi. Wapeni kitu cha uwanja wa ndege: upimaji wa vizuizi.

Nieleze kwa minazi. Kwa njia ya kurukia ya kundi la 3, yenye utaratibu wa kutua kwa vifaa usio wa usahihi wa juu, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 14, zinachora uso wa kukaribia, yaani mteremko wa kufikirika ambao kitu hakitakiwi kuutoboa, unaoanza mita 60 kabla ya kizingiti cha njia (pale sehemu ya kutua inapoanzia) na kupanda mita 2 kwa kila mita 100. Ukienda mita 660 kutoka kizingitini, uso huo uko mita 12 tu juu. Mnazi wa mita 20 uliosimama hapo, ardhi ikiwa sawa na kizingiti, umetoboa kwa mita 8. Mnazi huo huo hauwi huru mpaka ufike mita 1,060. Pwani yetu minazi haihesabiki, na kila msimu inaongezeka urefu bila kumwambia mtu. Kuipima yote kwa kifaa cha kupimia cha miguu mitatu ni kazi ya siku nyingi. Droni inaruka asubuhi moja.

Ila msiuze kitu msichokijua udhaifu wake. Makosa matatu yanajirudia.

La kwanza ni ncha za makuti. Picha zinaunganishwa kwa kulinganisha alama moja kutoka pembe nyingi. Kuti likipepea, alama imehama, programu inaitupa. Kilele cha mnazi kinatoka kifupi kuliko kilivyo, na upande huo ndio wa hatari. Rukeni alfajiri kabla upepo haujaamka, picha zipishane asilimia 85 kwa mbele na 80 kwa ubavu badala ya 80 na 70 mlizozoea, kisha minazi inayokaribia uso pimeni vilele vyake upya kutoka chini. Mwenye skana ya leza anashinda hapa, tukubali.

La pili ni urefu unaohesabiwa kutoka wapi. RTK inatoa urefu juu ya umbo la hesabu la dunia, uwanja wa ndege unataka urefu juu ya usawa wa bahari. Kwenye pwani yetu tofauti inapita mita 20, na umbo hilo liko juu ya bahari, kwa hiyo ukisimama ufuoni kifaa kinasoma hasi. Mkimpa mtu wa uwanja minazi isiyobadilishwa, itaonekana imezama ardhini na uso wa kukaribia uko huru kabisa. Atacheka, au vibaya zaidi, hatagundua.

La tatu ni nguzo nyembamba na waya. Mavic 3E ikiwa mita 100 juu, pikseli moja ni sentimita 2.7 chini, waya wa stima au antena haitokei kwenye modeli. Ziorodhesheni kwa macho.

Mkiweka mezani jedwali moja la pointi za ukaguzi, zile mlizozipima pia ardhini ili kulinganisha, lenye makosa ya kila pointi hadi sentimita, mtu wa usafiri wa anga atalisoma kabla hajagusa droni yenu.

Jarife

Kurusha ndani ya banda la 3 kwa 3: hapana. Mkiondoa meza na njia ya watu mnabaki na mita 2 hivi. Mavic 3 ina mshazari wa sentimita 38 kutoka mota hadi mota. Kwenye kizimba kidogo namna hiyo upepo wake unagonga ukuta na kuirudia yenyewe, inaanza kuyumba bila wewe kugusa rimoti.

Ukumbini yako mengine. Setilaiti hazionekani chini ya paa, kwa hiyo droni inajishika kwa kamera za tumboni; zinahitaji mwanga na sakafu yenye madoadoa. Sakafu inayong'aa au zulia la rangi moja, ambalo kumbi nyingi huweka, ni sawa na kuifumba macho. Masafa ya 2.4 GHz yamebanwa na Wi-Fi ya kila banda. Mawasiliano yakikatika na umeiacha kwenye mpango wake wa kawaida wa kurudi nyumbani, inaweza kuanza kwa kupanda juu, na juu kuna paa. Kikomo cha urefu hakikuokoi, maana DJI, waliozitengeneza droni hizi, hawakubali kikomo cha chini ya mita 20. Wanaorusha ndani huweka mpango wa kutua au kuelea mawasiliano yakipotea, na dira hawaisawazishi ukumbini kamwe: chuma cha sakafuni na paani kinaingia kwenye hesabu, na siku ukitoka nje droni inazunguka badala ya kutulia.

Kwa siku ya Malindi kizimba kinafaa, na vifaa vyote viko hapa hapa. Chukueni mita 6 kwa 6, kimo mita 4. Pande nne ni mita za mraba 96, paa 36, jumla 132. Ongezeni theluthi ya kulegeza, nunueni 175. Wavu uwe wa nailoni ya kusokotwa, macho sentimita 5 kwenda chini, rangi nyeusi au buluu. Ule wa uzi mmoja unaong'aa msiuguse. Uvuvi wake wenyewe umekatazwa, na kwa kazi hii una ubaya wa pili: kamera za droni haziuoni, propela ikiugusa unajizungusha kwenye mhimili wa mota na kukaza mpaka mota inaungua. Hata wa kusokotwa droni haiuoni vizuri, kwa hiyo rubani asitegemee vikwepa vizuizi. Funga vitambaa vya rangi kila mita moja kwenye kimo cha macho.

Wavu usikazwe kama ngoma. Ulegee, uburuze chini nusu mita, upate kumeza mgongano. Halafu kamba ya watazamaji iwe mita 2 nje yake, kwa sababu wavu uliolegea unavimba nje droni ikiugonga, na mtoto aliyebandika uso pale ndiye atakayekutana na propela.

Nguzo nne za mkoko kwenye kona na boriti juu, kutoka kwa muuzaji mwenye kibali. Vifungo vya kamba, si vya plastiki. Sababu nadhani Herufi_C ataisema.

Herufi_C

Naisema. Kipande cha plastiki kilichokatwa, kifuniko cha chupa, uzi wa wavu: vyote vinapeperushwa hadi njia ya ndege, na injini ya ndege inavuta chochote. Kwa hiyo kwenye eneo la ndege hamchimbi mashimo na hamtumii magunia ya mchanga, yakipasuka mchanga unakwenda lami. Kila nguzo ishikwe na madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji, hizo ni kilo 80, yafungwe pamoja. Mwisho wa siku mmoja wenu atembee eneo lote na ndoo akiokota.

Kibali sasa. Kanuni za Kenya za 2020 zinasema droni isipite futi 400 juu ya ardhi, ikae mita 50 kutoka kwa watu wasiohusika, na isiruke ndani ya kilomita 10 za uwanja wenye herufi C hadi F, au kilomita 7 za uwanja wenye herufi A au B, bila idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Herufi inakwenda na upana wa mabawa: C ni mita 24 hadi chini ya 36. Dash 8-400 ina mita 28.4. Kwa hiyo Malindi na Manda hesabuni 10 na mlale usingizi.

Chukueni ramani mpige duara. Nguzo ya Vasco da Gama iko kama kilomita 3 kutoka uwanjani, mji wote wa Malindi umo ndani. Mlango wa Sabaki uko kama kilomita 9, yaani mtu aliyejihesabia 7 anadhani yuko huru na hayuko. Gongoni na Watamu ziko nje. Upande wa Lamu, Ngome ya Amu na Shela zote zimo, hata kwa duara dogo la kilomita 7. Wanaopiga picha za harusi pale juu ya mapaa bila kuuliza, wanabahatisha.

Kizimba cha wavu chenye paa kinapunguza hatari lakini hakiwaondoi kwenye idhini, mko ndani ya uwanja wenyewe. Andikeni barua mapema kwa KCAA na kwa meneja wa uwanja, mkitaja namba za usajili za droni, leseni za marubani, mchoro wa kizimba na bima. Msipeleke barua wiki ya mwisho. Tangazo kwa marubani linahitaji kutolewa kabla. Siku yenyewe mtu mmoja asimame na redio akisikiliza mnara, kazi yake iwe hiyo tu. Kabla injini ya ndege yoyote haijawashwa, droni iko chini na betri imetoka. Ikiwa droni yenu bado inafungwa na ramani ya maeneo marufuku, ifungueni nyumbani kwenye intaneti nzuri na mjaribu kama propela zinawaka. Faili la kufungua linafungamana na namba ya droni, hamtabadilishana.

Na upepo: kama ni msimu wa kusi, malizeni kurusha kabla ya adhuhuri. Mavic na Matrice zote zimeandikiwa mita 12 kwa sekunde, lakini wavu wa mita 6 kwa 4 ni tanga, utayumba yeye kabla ya droni.

ChumviNaMikoko (Malindi)

Shukrani nyingi sana. Basi Afrika Kusini haturushi. Tuliwaza tuwashe angalau Mavic moja mezani, propela zimetolewa, wageni waone picha hai kwenye skrini ya rimoti. Kuna ubaya? Na zile kubwa, mbona nazo nyingi zimesimama tu chini wakati ndege za kivita zinapiga mizunguko hewani?

Herufi_C

Zinasimama kwa sababu rubani wa ndege ya kivita yumo ndani, anaona na kukwepa. Droni ya kilo 700 kama Bayraktar TB2 inategemea mawasiliano ya redio, na mahali penye mitambo mingi ya redio kwa mkupuo mmoja hakuna mwandalizi anayetaka kujaribu kitatokea nini yakikatika juu ya umati. Ukiongeza kwamba mnunuzi wake anataka kuona kamera, kituo cha chini na mabomu yaliyopangwa mbele ya mabawa, kuiegesha kunatosha.

Kuwasha mezani: ulizeni mwandalizi kwanza. Tangu mkasa wa droni kwenye uwanja wa Gatwick, London, wa Desemba 2018, ambao uliharibu safari za watu kama 140,000, biashara ya kugundua na kuzuia droni imekua pamoja na droni zenyewe, na wauzaji wake wana mabanda hapo hapo. Vipokezi vyao vinasikiliza kimya kimya. Ukiwasha rimoti, droni yako inatokea kwenye skrini ya jirani pamoja na aina yake, na walinzi wanaweza kufika mezani kabla ya mteja. Mkiruhusiwa, pateni jina la aliyeruhusu kwa maandishi.

WayaMoto

Mkiiwasha, izimeni kila baada ya dakika kumi. Ikiwa imesimama haina upepo wa propela wa kuipoza, inachemka na kujizima yenyewe mbele ya mgeni. Betri msizichaji usiku mkaondoka. Na plagi zetu haziingii kule, nunueni adapta ya pini tatu kubwa za mviringo za Afrika Kusini.

MinaziMirefu

Badala ya picha hai, chapisheni ramani moja ya ncha ya njia ya kurukia, upana mita 1, kwa kipimo cha 1:200. Picha za sentimita 3 kwa pikseli zinawapa pikseli 6,600 na ushei kwa upana huo, takriban 170 kwa inchi, inasomeka mtu akiwa ameinama juu yake. Vilele vilivyotoboa uso viwekeeni duara jekundu na namba ya sentimita pembeni. Uwanja msiutaje kwa jina kama mwenyewe hajakubali kwa maandishi, hakuna meneja anayependa minazi yake isomwe na wageni. Chapisheni kwenye kitambaa, kinakunjwa na kuingia kwenye zile kilo 15. Bango la ubao gumu halivuki Manda.